Karanga Iliingilia Mlango Upi?

Mlishe panya wa maabara karanga. Mlishe leo, mlishe kesho, mlishe mwezi mzima. Atanenepa tu. Hatavimba, hatakosa pumzi, hatajikuna kuliko panya wenzake. Na hata ukija baadaye kumdunga sindano ya protini ya karanga ili kuichokoza kinga ya mwili wake, utakuta kinga imekwisha kukata shauri: huyu tunamjua, apite.

Kwa watafiti wa mzio wa chakula hiyo ilikuwa kero kubwa. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, hospitali za New York na London zilikuwa zikipokea watoto waliozidiwa kwa sababu ya biskuti moja yenye karanga ndani yake. Ukitaka kujua ugonjwa huo unaanzaje, ni lazima uutazame ukianza, kabla mzazi hajashuku lolote. Kwa mtoto jambo hilo haliwezekani. Humfanyi mtoto augue ili upate kumchunguza, wala humkati utumbo uone kilichobadilika. Ilibidi apatikane mnyama wa kuugua badala yake, na mnyama huyo alikataa kuugua.

Nimeufuatilia ukaidi huo kwa miaka kadhaa, na kila ninapousoma upya roho huniuma, kwa sababu jibu lilikuwa humo humo. Watafiti waliuona kuwa kizingiti cha kurukwa. Kumbe panya alikuwa akiwaeleza jinsi mwili unavyofanya urafiki na chakula, na mnyama mwingine alikuwa ameshaeleza hayo hayo miaka karibu 90 kabla yake.

Kwetu mtu husema, "Kamba wananikataa," au, "Mayai yanamkataa mtoto." Lugha yetu imempa chakula nia: yeye ndiye anayemkataa mlaji. Daktari wa mzio atakwambia mambo ni kinyume chake. Chakula hakina ubaya wowote. Ni mwili ulioweka jina la adui mahali pasipo adui. Swali la sura hii ni lini mwili unaandika jina hilo, na ni nani anayeutia maneno.

Aliyekuwa wa kwanza kuliona jambo lenyewe waziwazi hakuwa akitafuta mzio. Mwaka 1901 mwanafiziolojia wa Ufaransa, Charles Richet, na mwenzake Paul Portier, walisafiri katika meli ya utafiti ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu za viumbe wa baharini wanaowasha, ndugu wa yavuyavu. Waliporudi nyumbani waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini. Nia yao ilikuwa njema: kuwapa mbwa sumu kidogo kidogo ili waizoee, kama vile chanjo inavyomzoesha mtu na ugonjwa. Mbwa mmoja aliitwa Neptune, mkubwa na mwenye nguvu. Alipewa dozi ya kwanza, hakudhurika. Baada ya siku 22 akapewa kiasi kile kile. Sekunde chache hazijapita akaanza kuhema, akashindwa kusimama, akaharisha, akatapika damu, na dakika 25 baadaye alikuwa amekufa.

Ninamtaja mbwa huyo kwa jina kwa sababu wanyama wa maabara huingia vitabuni kama namba, na Neptune alifundisha jambo ambalo hakuna aliyelijua: kwamba kukutana na kitu mara ya kwanza kunaweza kumwacha mnyama dhaifu zaidi mbele ya kitu hicho hicho. Richet aliuita uadui huo anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila msomaji aweke jambo moja akilini. Neptune hakula ile sumu. Ilipenyezwa mwilini mwake kwa sindano.

Kazi ikahamia kwa simbilisi, mnyama mdogo mpole ambaye mapafu yake hubana upesi sana anapopatwa na anafilaksia. Na hapo ndipo mahindi yalipoharibu jaribio. H. Gideon Wells wa Chuo Kikuu cha Chicago na Thomas Osborne, mwanakemia wa protini za mimea kutoka Connecticut, walikuwa wakipima nafaka: unamdunga simbilisi protini kidogo, unangoja wiki chache, unamdunga tena, anazidiwa. Lakini ilipofika zamu ya zeini, protini ya mahindi, simbilisi waliokuwa wakilishwa mahindi bandani hawakuzidiwa. Kile walichokwisha kula hakikuweza tena kugeuzwa adui. Wells na Osborne waliyachapisha hayo mwaka 1911.

Soma tena mwaka huo, kisha uweke pembeni yake mwaka 1998. Mwaka 1998 wataalamu wa serikali ya Uingereza walishauri kwamba mtoto wa ukoo wenye mzio asipewe karanga hadi afike miaka mitatu. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa ushauri wa namna hiyo hiyo kwa watoto walio hatarini: maziwa ya ng'ombe yangoje mwaka mmoja, mayai miwili, karanga na samaki mitatu. Siwalaumu kwa moyo mbaya. Waliona watoto wakivimba na kukosa pumzi, na mtu yeyote anayependa watoto angesema, basi waepushwe. Lakini ushauri wenyewe haukuwa umepimwa, na somo la simbilisi lilielekeza upande mwingine kabisa. Mzio wa karanga katika nchi hizo uliendelea kupanda.

Wakati huo huo, New York, Xiu-Min Li na Hugh Sampson walikuwa wamepata njia ya kumshawishi panya augue. Mwaka 1999 walifanya hivyo kwa maziwa ya ng'ombe, na mwaka 2000 kwa karanga. Siri yao ilikuwa sumu inayotengenezwa na bakteria wa kipindupindu. Walisaga karanga nzima, wakaichanganya na kiasi kidogo mno cha sumu hiyo, wakaipitisha kwa mrija mwembamba hadi tumboni mwa panya. Baada ya wiki kadhaa walimpa panya karanga peke yake, na safari hii alizidiwa: akajikuna pua na kichwa, akavimba kuzunguka macho, akapumua kwa shida, akalala bila kusogea, na wengine wakafa.

Kilichotokea ndani ndicho kinachotokea kwa mtoto. Mwili wa panya ulikuwa umetengeneza kingamwili za aina ya IgE, zile ambazo Kimishige na Teruko Ishizaka walizitambua Denver katika miaka ya 1960. IgE ni mtego. Hazifanyi kitu zenyewe. Hung'ang'ania juu ya seli za masti, ambazo zimejaa ngozini, mapafuni na utumboni, zikangoja. Mlo wa kwanza hutega. Mlo unaofuata hufyatua, na kila seli humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Mishipa ya damu huvuja, shinikizo la damu huporomoka, njia ya hewa hubana. Ndiyo maana mama huapa kwamba mtoto alikula karanga mara moja bila shida. Anasema kweli. Ile ilikuwa siku ya kutega.

Na hata kwa kipindupindu, si kila panya aliyekubali. Uzao ambao watafiti huuita C3H/HeJ ulizidiwa. Uzao wa BALB/c, uliopewa karanga ile ile na sumu ile ile kwa njia ya kinywa, haukupata anafilaksia. Panya wa uzao mmoja wanafanana kijeni kama mapacha, kwa hiyo tofauti kama hiyo inaonyesha dhahiri kwamba damu ya ukoo ina kauli yake. Hili wazazi wengi walikuwa wakilihisi.

Lakini hebu tuseme ukweli: hakuna mtoto anayelishwa karanga na kipindupindu katika kijiko kimoja. Kama panya anahitaji kitu cha kuvuruga amani ndipo achukie karanga, je, kwa mtoto kitu hicho ni nini? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali zuri kuliko yote ambayo panya huyu aliyazaa. Nalo lilijibiwa na ngozi.

Mwaka 2003 daktari Gideon Lack na wenzake walichapisha walichokikuta katika rekodi za watoto karibu 14,000 wa eneo la Bristol, Uingereza. Watoto waliopata mzio wa karanga walikuwa mara nyingi zaidi wale waliougua pumu ya ngozi, tena wale waliopakwa dawa za ngozi zenye mafuta ya karanga. Mama alikuwa akipaka dawa penye vidonda ili kumtuliza mwanawe. Karanga ilikuwa ikiingilia ngozini.

Rekodi peke yake haithibitishi sababu. Huenda kuna jambo la tatu lililojificha nyuma ya yote mawili. Hapo panya akaitwa tena, na safari hii hakuhitaji kipindupindu. Watafiti wa London walimnyoa panya mgongoni, wakabandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa ili kung'oa tabaka la juu la ngozi, kama ngozi ya mtoto inavyochubuka kwa kujikuna, kisha wakapaka protini ya karanga. Matokeo yao yalitoka mwaka 2005. Panya hao walitengeneza IgE dhidi ya karanga. Tena walipolishwa karanga baadaye, ile amani inayokuja kwa kula haikuja tena. Ngozi ilikuwa imetangulia kusema.

Kundi la Boston liliongeza jambo mwaka 2019 ambalo mimi bado linanishangaza. Ngozi ya panya ikichubuliwa kwa utepe, seli zake hutoa ishara inayosafiri kwenye damu hadi utumboni, na huko seli za masti huongezeka na ukuta wa utumbo hulegea, ukapitisha chakula kwa urahisi zaidi. Yaani kujikuna mgongoni kunautayarisha utumbo kwa vita. Mtoto anayejikuna usiku kucha si msumbufu wa usingizi tu. Kuna habari inayoshuka ndani yake.

Kwa hiyo mlango ndio wenye neno. Kinywani karanga huingia kama mgeni aliyebisha hodi. Kwenye ngozi iliyopasuka huingia kama mwizi wa dirishani, na mwili humkumbuka hivyo. Haya yalibaki kupimwa kwa watoto wenyewe, na nafasi ilijitokeza kwa njia ambayo hakuna maabara ingeipanga. Watoto wa Kiyahudi wa Israeli, tofauti na wenzao wa Kiyahudi wa Uingereza, hupewa mapema sana kitafunwa kiitwacho Bamba, chepesi kama bisi na chenye karanga tele. Lack, George Du Toit na wenzao waliwalinganisha, wakachapisha mwaka 2008: mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 kwa wanafunzi wa Uingereza, na asilimia 0.17 kwa wale wa Israeli.

Kisha wakachukua watoto 640 wa London wenye umri wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa yai, au vyote viwili. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walikula karanga kila wiki, nusu waliepushwa nayo hadi miaka mitano. Jibu lilitoka mwaka 2015. Kati ya walioepushwa, asilimia 17.2 walipata mzio wa karanga. Kati ya waliokula, asilimia 3.2. Simbilisi wa 1911 walikuwa wamepata mashahidi.

Mzazi asilisome hilo kama ruhusa ya kujaribu jikoni. Watoto wale walipimwa ngozi kwanza, na waliokuwa tayari na dalili kubwa hawakuingizwa. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi aonwe na daktari kabla. Na karanga nzima humsakama mtoto mdogo, iwe ana mzio au hana. Isagwe laini, kama mama zetu wanavyoisaga kwenye uji wa lishe. Nikiutazama uji huo sasa, naona kitendo ambacho London ilikitafuta kwa miaka mingi. Ninachopenda tukichunguze zaidi ni kile tunachopaka kwenye ngozi ya mtoto iliyopasuka, kwa sababu mkono unaosaga karanga ndio huo huo unaompaka mtoto mafuta.

Kuna mlango mwingine, nao umejaa wakazi. Utumbo wa panya wa kawaida una mabilioni ya bakteria. Lakini kuna panya wanaozaliwa na kulelewa ndani ya mahema ya plastiki yasiyo na kiumbe hai chochote zaidi yao. Cathryn Nagler wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha mwaka 2014 kwamba panya wasio na bakteria, au waliofagiliwa bakteria kwa antibiotiki wakiwa wachanga, hugeuka kuichukia karanga upesi zaidi, na kwamba kundi la bakteria waitwao Klostridia likirudishwa, kinga hutulia. Bakteria hao huusaidia utumbo kuimarisha ukuta wake, hivyo protini chache za karanga huvuka kuingia kwenye damu.

Mwaka 2019 kundi hilo hilo lilienda mbali zaidi. Walichukua kinyesi cha watoto wanane, wanne wenye afya na wanne wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, wakakipandikiza kwa panya wasio na bakteria. Panya waliopokea kutoka kwa watoto wenye afya walikingwa dhidi ya anafilaksia ya maziwa. Waliopokea kutoka kwa watoto wenye mzio hawakukingwa. Panya ni wa uzao mmoja. Kilichotofautiana ni kile mtoto alichokibeba tumboni. Hakuna namna ambayo mtoto peke yake angeweza kutueleza hilo.

Na minyoo? Mwaka 2002, Boston, panya walioambukizwa mnyoo wa utumbo walitengeneza IgE chache dhidi ya karanga kuliko wenzao wasio na minyoo. Mnyoo hutaka kuishi, hivyo huishawishi kinga ya mwenyeji wake itulie, na katika utulivu huo karanga nayo hunufaika. Hapa hadithi inafika kwetu. Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waliingia katika jaribio la dawa za minyoo, na mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba watoto wa mama waliopewa albendazole walipata zaidi pumu ya ngozi wakiwa wachanga. Hiyo si sababu ya kumnyima mama mwenye upungufu wa damu dawa yake. Ni sababu ya kutaka utafiti wa mzio ufanyike pia hapa, kwenye matumbo yaliyowahi kukutana na minyoo na kichocho, si mahali pasafi tu.

Usafi wenyewe ni kasoro ya panya. Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walionyesha kwamba kinga ya panya wa maabara inafanana na ya mtoto mchanga. Ukimweka pamoja na panya wa duka la wanyama, mwenye vijidudu vyake vyote, kinga yake inaanza kufanana na ya mtu mzima. Kasoro nyingine ni za maumbile. Panya hawezi kutapika, na kutapika ni miongoni mwa dalili za kwanza za mtoto. Kipimo kikuu cha anafilaksia kwake ni joto la mwili kushuka, jambo ambalo daktari wa binadamu halitazami kwanza. Tena panya anaweza kuzidiwa kupitia kingamwili za IgG bila IgE kuhusika, na mtafiti asiyeangalia anaweza kutibu ugonjwa ambao mtoto hana. Kwa sababu hiyo wengine waligeukia watoto wa nguruwe, wanaotapika kama sisi, na mbwa, ambao hupata mzio wa nyama ya ng'ombe au ya kuku majumbani mwao bila kufanyiwa lolote. Chapel Hill, North Carolina, ulipatikana uzao wa panya, ulioelezwa mwaka 2019, unaozidiwa ukilishwa karanga kinywani, jambo lililo adimu kwa jamaa zake.

Dawa pia imetoka njia hii. Omalizumab, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024 kupunguza hatari ya mtu anayekula kwa bahati mbaya chakula kinachomletea mzio, ni kingamwili inayozinasa IgE kabla hazijatega. Ilianza maisha yake kama kingamwili ya panya, kisha ikabadilishwa ifanane na ya binadamu. Katika jaribio lake, asilimia 67 ya waliopewa waliweza kuvumilia kiasi cha karanga ambacho kati ya waliopewa dawa bandia ni asilimia 7 tu walioweza. Wanyama waliokufa njiani ni wengi, na mimi siwezi kuandika asilimia hizo bila kuwafikiria. Ninachodai kwa niaba yao ni kwamba wanachosema kisikilizwe mapema, si baada ya miaka 90.

Mwaka 2023 makundi mawili, la Yale na la Heidelberg, yalimsikiliza panya kwa njia ambayo sikuwahi kuifikiria. Waliwafanya panya wawe na mzio wa protini ya yai, kisha wakawawekea chupa mbili bandani, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye yai. Panya wa kawaida aliipenda ya yai. Panya mwenye mzio aliionja, akaiacha, akahamia kwenye maji matupu. Hakuwa amezidiwa bado; alikuwa amejua tu. Kisha watafiti wakachukua panya waliozaliwa bila IgE au bila seli za masti, wakawapitisha njia ile ile. Hao walirudi kwenye chupa ya yai wakanywa.